Mzee Aliyehesabu Nyumba Arobaini

Ndugu zangu, kulikuwa na mzee wa kijiji mmoja aliyeaminiwa sana na watu wake. Siku moja afisa wa kaunti alimtembelea nyumbani, akatandaza ramani mezani.

"Mzee, tunapanga barabara na madaraja ya miaka kumi ijayo. Hapa kwenu kuna nyumba ngapi?"

"Arobaini."

"Na yale mabati ninayoyaona ng'ambo ya kijito? Mbona ni mengi kuliko ya huku?"

"Aa, wale! Wale ni watu wa kuja, mwanangu. Wamenunua vipande vya shamba juzijuzi. Hatuwahesabu."

"Lakini si wanaishi huko, mzee?"

"Hata kuku wangu wanaishi hapa. Utawaandika?"

Wazee waliokuwa wameketi naye wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akaongeza, "Ukiwahesabu hao, kesho watataka na kiti chako!"

Afisa akaandika arobaini.

Je, mnajua nyumba arobaini hupata nini? Hupata changarawe kidogo, basi. Nani atajengea nyumba arobaini daraja la magari? Daraja likapelekwa kata nyingine, na watu wakaendelea kuvuka kijito kwa magogo mawili.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo, maji yakabeba magogo. Asubuhi ya siku ya tano mke wa mwana wa yule mzee akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Hospitali ilikuwa mbali. Muuguzi wa karibu alikuwa nani? Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, katika wale ambao hawahesabiwi.

Mama yule alikuja mbio na mkoba wake. Akaingia majini hadi kifuani, majirani wakamvuta nyuma kwa kamba. Akabaki ukingoni akipiga kelele, "Asisukume! Mwambieni asisukume bado!" Lakini maji yalinguruma, na maneno hayakufika.

Mtoto alizaliwa amekufa.

Mzee akatoka nje akipiga ukuta kwa ngumi. "Kaunti imetuua! Watu hawa hawajui kupanga!"

Mkewe alikuwa mlangoni, damu ikiwa imemfika viwikoni. Akasema, "Walikuuliza. Nilikuwepo, Baba. Walikuja mpaka hapa kwako, wakakuuliza."

Sasa tusimkasirikie yule mzee, maana mzee ni sisi. Ni nani hapa kanisani asiyesema "wale wa ploti" anapowataja watu wa kule chini ya shule? Tunawauzia maziwa. Watoto wao wanasoma na wetu, tena watatu kwa dawati moja. Sadaka yao tunaipokea vizuri kabisa, hiyo hatuiulizi ilitoka wapi! Lakini kikao cha barabara kikiitishwa, hatuwapi habari. Halafu Jumapili tunapiga magoti tukimwomba Mungu barabara, na huku tumemdanganya anayeichora. Hiyo si sala, ndugu zangu. Hayo ni matusi.

Alhamisi maafisa wa kaunti watakaa kwenye mabenchi haya haya kwa kikao cha barabara. Kule chini ya shule kuna wanawake kumi na mmoja wajawazito. Nimekwenda nyumba kwa nyumba, na majina yao ninayo. Ninyi mlio na nyumba karibu na lami, msije peke yenu siku hiyo. Pitieni kule kwanza, mpige hodi, mje nao.