Kona ya Mfereji

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo niwapeleke mbali, Japani ya zamani, enzi za mabwana wa ngome na askari wao wa upanga, wale samurai. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kuutafuta vitabuni.

Kulikuwa na mtawala mmoja kijana aliyerithi jimbo lenye njaa. Juu milimani mto ulijaa maji, chini bondeni mashamba ya mpunga yalipasuka kwa ukame. Baba yake aliliona jambo hilo maisha yake yote, na babu yake vilevile, wakaendelea kunywa chai. Yeye hakuweza. Siku ile ile aliyokalia kiti aliwaita wakuu wake akawaambia, "Tunachimba mfereji kutoka mtoni mpaka bondeni. Kila nyumba itatoa mtu. Na nyumba zenu pia."

Mkuu wa askari, mzee mwenye mvi, akakohoa. "Mtukufu, sisi ni watu wa upanga. Unataka tubebe udongo pamoja na wakulima?"

"Nataka mbebe pamoja na mimi," akasema.

Na kweli, kesho yake alishuka mlimani amevaa nguo ya pamba kama mtu wa shamba, kapu la udongo begani. Mnamwona? Bwana wa ngome, tope mpaka magotini! Askari waliona haya, wakavua hariri zao wakamfuata. Watawa wa hekalu wakautoa msitu wao, miti ikakatwa mbao za kuzuia kingo. Miaka mitatu walichimba, na kila asubuhi kijana yule aliamka moyo unamwenda mbio, kama mtoto siku ya sikukuu.

Siku ikafika. Jimbo zima likajipanga kando ya mfereji, lango la mtoni likafunguliwa. Maji yakaja yakinguruma, yakisukuma majani makavu mbele yake. Watu wakakimbia sambamba nayo, mtawala naye anakimbia, kiatu kimoja kimemvuka na hana habari. Yakapita mwamba wa kwanza. Yakapita hekalu. Yakafika kwenye kona iliyo chini ya ngome, na hapo yakapunguza mwendo, yakajizungusha, yakasimama.

Fundi aliyepima ardhi akapiga magoti kwenye tope.

"Mtukufu, hapa kwenye kona ardhi imepanda. Tulichimba mpaka mwamba ukatushinda. Njia iliyonyooka ilikuwa huku." Akaonyesha ukuta wa bustani ya mtawala.

"Sasa kwa nini hukupita huko?"

"Nilikuletea mchoro kabla hatujaanza. Uliuangalia, ukasema, 'Hapo tafuta njia nyingine.'"

Mtawala akakumbuka. Ndani ya bustani ile kulikuwa na msonobari alioupanda marehemu mama yake, na jimbo zima liliujua. Neno lile alilisema huku akinyoosha mkono kuchukua kikombe, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshalisahau.

Akajitokeza mama mmoja mkulima. Hakupaza sauti. "Mume wangu aliangukiwa na jiwe hapa, Mtukufu. Hapa hapa kwenye kona. Ulikuja msibani, ukalia pamoja nasi. Sikujua kwamba alikuwa anachimba kuuzunguka mti wako."

Ndugu zangu, kijana yule angejibu nini?

Aliingia bustanini, akaomba shoka. Mkuu wa askari akamshika mkono. "Niachie mimi, Mtukufu. Mti wa mama yako usiukate wewe."

"Neno lilitoka kinywani mwangu," akasema, akaanza kukata. Alikata huku machozi yanamtiririka. Ukuta ukabomolewa, watu wakachimba siku nne, na ya tano maji yakapita pale pale penye shina la msonobari, yakashuka bondeni. Yule mama alisimama shambani kwake, maji yamemfika vifundoni. Mtawala akaja, akainama mbele yake mpaka paji la uso likagusa tope.

"Inuka, Mtukufu," akamwambia. "Yamechelewa, lakini yamefika. Tupande."

Sasa sikilizeni. Kijana huyu hakuwa mnafiki, na hapo ndipo mimi natetemeka. Jasho lake lilikuwa la kweli. Machozi ya msibani yalikuwa ya kweli. Na bado neno moja dogo, alilolisema akiwa na kikombe mkononi, lilizuia maji ya jimbo zima na kumfukia mume wa mtu.

Sisi je? Tunafunga. Tunatoa. Tunaimba mpaka koo zinakauka, kisha tunashangaa mbona nyumbani kwetu kumebaki kukavu. Ni wapi tulimwambia Mungu, "Hapo tafuta njia nyingine"? Ni kwa yule ndugu tusiyemsalimia mwaka wa tano huu? Ni kwa dada wa kazi tunayemfokea asubuhi, halafu tunawahi kuja hapa kupanga viti? Na ni nani, wapendwa, anayevunja mwamba leo kwa sababu ya mti wetu?

Usinijibu mimi. Lango limeshafunguliwa, maji yako ukutani kwako sasa hivi. Ingia bustanini.