Nguzo ya Bibi Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Nani hajaitikia? Haya, sasa tumo wote.

Hapo zamani za kale, mbali huko mashariki, katika nchi ya Korea, palikuwa na mto. Katikati ya mto ilisimama nguzo ya mti. Nguzo ilichanjwa alama kumi, toka chini hadi juu. Mlinzi wake alikuwa Bibi Korongo.

Kila asubuhi Bibi Korongo aliingia majini, chubwi, chubwi. Akaitazama nguzo. Akapaza sauti:

"Alama ya nne! Kaeni, wanangu, kaeni!"

Wanyama wakakaa. Maji yakifika alama ya saba, aliita, "Pandeni, wanangu, pandeni!" Wanyama wakapanda mlimani. Mama Panya alikuwa na shimo ukingoni na watoto saba. Asipoisikia sauti ile, usiku hapati usingizi.

Lakini Fisi Maji alikuwa na mgongo unaowasha. Kila akitoka kuogelea, alijikuna kwenye nguzo. Kwaru, kwaru, kwaru!

"Fisi Maji, iache nguzo yangu!"

"Aa, Shangazi Miguu-Mirefu! Kwani imevunjika?"

Kwaru, kwaru, kwaru!

Mvua ikaja. Ikanyesha siku ya kwanza. Bibi Korongo akatazama: alama ya nne. "Kaeni, wanangu, kaeni!" Ikanyesha siku ya pili. Alama ya nne. "Kaeni!" Ikanyesha siku ya tatu. Alama ya nne. Bibi Korongo akafungua mdomo aite, mara akahisi baridi tumboni.

Tumboni! Maji ya alama ya nne humfika magotini tu.

Akaisukuma nguzo. Nguzo ikacheza, tiki, taka. Kumbe imelegea kwenye tope! Kila maji yakipanda, nayo inapanda!

Aibu ikamshika. Siku mbili amewaambia wakae. Atawaambia nini sasa? Akawakumbuka wale watoto saba.

"Nimekosea! Pandeni, wanangu, pandeni!"

"Bibi, si jana ulisema tukae?" akauliza Mama Panya.

"Nilisema, na nilikosea. Lete watoto!"

Akainama, watoto wakamparamia mgongoni. Wanyama wote wakapanda. Nyuma yao maji yakaja, guuu! Shimo likajaa pomoni. Huko mlimani Mama Panya akahesabu watoto. Akahesabu tena. Saba.

Maji yalipopungua, Fisi Maji akaja, mkia chini.

"Shangazi, nilikuwa najikuna tu."

"Najua. Nami niliiamini nguzo nikausahau mguu wangu. Twende tukatafute jiwe."

Dubu akaliviringisha jiwe refu, bingiri, bingiri. Wakalisimamisha juu ya mwamba chini ya mto. Wakalichonga alama kumi. Bibi Korongo akalisukuma. Jiwe tuli.

"Haya, Fisi Maji. Jikune."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa nguvu!"

Kwaru, kwaru, kwaru! Jiwe tuli.

"Lo, Shangazi! Hili linakuna kuliko mti!"

Watoto saba wakacheka mpaka wakagaagaa. Na usiku ule Mama Panya akalala fofofo.

Basi, wadogo mlio mbele na wakubwa mlio nyuma: kipimo kinachopanda pamoja na maji si kipimo. Na ukijua umekosea, sema upesi, maji hayajafika.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye alama ya kumi.