Chapati ya Kwanza Huliwa Jikoni

Kulikuwa na wakati ambapo chapati ilikuwa chapati na nyama ilikuwa nyama, na vitu hivyo viwili havikukutana ila tumboni mwa mwanamume. Nyinyi mnaoniuliza kwa nini chapati ya nyama ya kwanza siileti ukumbini, anzieni hapo.

Siku hizo, katika mji wa Kisimandogo, nyama ilipikwa na wanawake na kutolewa chunguni na mwanamume mmoja, aliyeitwa mgawaji. Chungu kikiiva, alikuja jikoni na upawa wake mwenyewe, akaopoa vipande vyote na kuvipanga kwenye sinia la wanaume. Wanawake walibaki na mchuzi. Hakuna aliyemkumbuka mwanzilishi wa jambo hilo, na kwa kuwa hakukumbukwa, kila mtu alimheshimu.

Mgawaji wa wakati huo alikuwa Faki. Mke wa kaka yake, Mwanamize, alikuwa na binti aliyeitwa Mkasi, ambaye alirudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Mtoto alizaliwa salama, lakini Mkasi alitokwa na damu nyingi na maziwa yakakataa kuja. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya tena. Mkunga akasema, "Huyu mzazi anataka nyama. Mchuzi hautamsimamisha."

Siku ya kumtoa mtoto nje, mbuzi akachinjwa. Mwanamize akamwomba Faki amwachie mzazi vipande viwili tu.

"Leo vipande, shemeji, kesho mtataka na sinia," alisema Faki, na wenzake wakacheka.

Mwanamize akaingia jikoni. Aliitenga nyama na mifupa, akaikatakata kwa kisu mpaka ikawa punje. Akaikaanga kwa kitunguu, thomu, pilipili manga na chumvi mpaka maji yote yakakauka, maana nyama yenye maji huilegeza chapati. Akavunja mayai kwenye unga, akakoroga na maji mpaka ukatiririka kama uji mwepesi, bila donge. Akatia nyama humo. Yote. Akapaka chuma cha chapati mafuta kidogo, akamimina.

Ya kwanza ilishika na kuraruka, kwa sababu chuma kilikuwa hakijapata moto sawasawa. Akaikunja hivyo hivyo, akampa Mkasi aliyeketi kwenye kigoda na mtoto wake.

"Mama, wanaume hawajala."

"Nimesema kula."

Faki akaingia na upawa wake, akatazama huku na huku.

"Nyama iko wapi?"

"Imo humo."

"Itoe."

"Itoe wewe, shemeji. Mgawaji si wewe?"

Faki akaichokoa chapati iliyokuwa ikiiva. Unga na nyama vilikuwa kitu kimoja. Ndipo alipomwona Mkasi akitafuna.

"Huyu amekula kabla yetu?"

"Amekula. Na hiyo unayoichokoa ni yake pia."

"Basi hatuli chakula cha nyumba hii!"

"Msile," alisema Mwanamize, akaigeuza chapati.

Wanaume wakakaa ukumbini na hasira zao, na harufu ikawafuata huko huko. Wa kwanza kuinuka alikuwa mume wa Mwanamize, aliyekuja mlangoni na kuuliza kwa sauti ndogo kama imebaki hata moja.

"Ngoja. Mzazi hajashiba."

Akangoja. Wengine wakajipanga nyuma yake mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Faki, ameuficha upawa mgongoni. Kabla jua halijatua, kanga ya Mkasi ilikuwa imelowa maziwa kifuani, na mtoto amelala.

Na tangu siku hiyo, nyama husagwa na kuchanganywa na unga mpaka asiwepo wa kuitenga, na chapati ya kwanza huliwa papo hapo jikoni, na mpishi au na yule aliyechaguliwa na mpishi. Kwa hiyo mkiniona nimesimama mbele ya chuma, natafuna, midomo inang'aa mafuta, na nyinyi njaa inawauma, msiniulize kitu. Kaeni mngoje.