Ndoo Haina Tumbo

Sogeeni mbele, ninyi mlioketi karibu na mlango ili mtoke kwanza. Sauti yangu imezeeka na sitaipandisha kwa ajili yenu.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, aliyefanya kazi kwenye shamba la utafiti wa mifugo. Yeye alinywesha wanakondoo waliofiwa na mama zao. Wasomi wa pale walitaka kujua ni maziwa kiasi gani yanamtosha mwanakondoo yatima. Basi wakatundika ndoo ukutani, yenye chuchu sita za mpira, kwa wanakondoo sita. Asubuhi maziwa yanamiminwa, baada ya saa moja mtaalamu anakuja kuchungulia. Ndoo tupu. Anaandika: wote wameshiba.

Siku ya nne mmoja akafa. Wakampasua, tumboni hamna kitu.

"Haiwezekani," mtaalamu akasema. "Ndoo iliisha kila siku!"

"Ndoo haina tumbo, daktari," mama akamjibu. "Hao watano wenye mabega walikunywa, huyu mnyonge wakamsukuma pembeni. Wewe ulitazama ndoo. Midomo aliitazama nani?"

Tangu siku hiyo, ndoo ikitundikwa, mama anachuchumaa zizini. Haondoki mpaka ameona kila mdomo unanyonya, kisha anawapapasa matumbo kwa kiganja, mmoja mmoja. Hakufa mwingine.

Miaka ikapita, mama mwenyewe akaugua. Usaha ulizunguka pafu, ikabidi apasuliwe kifua. Akarudi nyumbani na mshono uliotoka mgongoni ukazunguka ubavu, na mto mdogo wa kukumbatia akikohoa, maana bila ule mto mbavu zinataka kuachana. Hospitali walimwambia ale vizuri, na akohoe hata kama inauma. Hawakumwambia atakula na nani. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja na mbwa mmoja.

Kanisa lake halikumtupa, msije mkasema. Akina mama walipanga zamu. Kila siku hotpoti: leo wali na maharage, kesho ndizi, Jumapili kuku. Wanaiweka kizingitini, wanabisha hodi, wanaondoka mbio. "Tusimsumbue, kifua bado kibichi." Kesho yake wanaikuta palepale, imeoshwa, imefunikwa kitambaa. Tupu. Wakafurahi kweli! "Mwenzetu anakula huyo, hata mchuzi habakizi!"

Ninyi mngejuaje? Nawauliza. Mngejuaje?

Wiki ya tano, wawili wao wakamsindikiza kliniki. Akapandishwa kwenye mizani: amepungua kilo tisa. Daktari akawageukia wale wasindikizaji.

"Huyu mama nyumbani anapewa chakula kweli? Akiendelea hivi kidonda hakitafunga, na mwezi ujao hamtakuwa na mtu wa kumleta."

Mwenyekiti wa akina mama, mmoja wa wale wawili, akafura. "Sisi? Daktari, usituonee! Hotpoti inarudi tupu kila siku!"

Mgonjwa akaanza kucheka. Akaukandamiza mto kifuani, maana kucheka nako kunauma. "Hotpoti haina tumbo, mama zangu," akasema. "Mbwa wangu hamjaona alivyonona?"

"Umempa mbwa kuku wangu?"

"Kurudisha chakula cha watu ni kuwatukana, ndivyo nilivyolelewa. Na tonge, nikiwa peke yangu, halishuki. Nalitazama, nalo linanitazama."

Mwenyekiti hakuomba radhi. Si mtu wa mambo hayo. Lakini jioni ile alikwenda na uji, akaingia ndani, akavuta kigoda, akakaa.

"Kunywa nione."

Mama akanywa nusu kikombe. Nusu tu. Lakini nusu ile iliingia tumboni mwa mtu.

Sasa tusimwonee huruma kupita kiasi. Habari ya ndoo aliijua yeye kuliko wote, akanyamaza kwa adabu. Adabu ya namna hiyo inaua. Na humu kanisani mmo, nawaona, mnaosafisha hotpoti za watu na kusema "namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Semeni! Mnataka tuwapime kwa mizani?

Na sisi wengine, tunaopenda chombo kikirudi kitupu. Tumepeleka chakula, tumetuma salamu, jina la mgonjwa limetajwa kwenye maombi. Ndoo imeisha, tunaandika wote wameshiba, tunakwenda zetu. Tuliagizwa kulisha, jamani. Nani alituagiza kuweka kizingitini?

Hotpoti tatu za leo ziko pale mlangoni. Ninyi mliotaka kutoka kwanza, zichukueni. Mkifika msibishe hodi mkakimbia. Ingieni, vuteni kigoda, na msiinuke mpaka mmeona mtu anatafuna.