Chama cha Kutetea Pembe

Mwaka ule jua liliwaka mpaka vyura wakasahau kuogelea. Mito yote ya nyikani ilikauka, likabaki bwawa moja, tena dogo. Wanyama wote wakawa wanakunywa hapo hapo, bega kwa bega, na matata yakaanzia hapo. Kifaru akigeuka kumjulia hali jirani, pembe yake inaingia kwenye tako la Nyati. Nyati akiruka, anamkumba Swala. Na Nungunungu akishtuka, miiba inasimama yote, na mwenye pua karibu shauri yake.

Siku moja mwenye pua alikuwa Simba. Simba ni mfalme na ana majivuno, hapendi kuchekwa. Alipiga chafya mchana kutwa mbele ya raia wake, mwiba ukining'inia. Kesho yake akaita baraza, akatangaza sheria anayokusudia kuipitisha: mwezi ukiandama, kila mwenye silaha akija bwawani aivike gunzi la hindi kwenye ncha. Magunzi ataleta Nyani, ambaye huiba mahindi mashambani kwa watu. Hakuna atakayekatwa pembe. Mtu akishakunywa avue gunzi lake, aende zake.

Utasema gunzi ni kitu gani bwana, mtu si avae anywe maji yake. Wenye pembe hawakuona hivyo. Kifaru alisema leo gunzi, kesho msumeno. Nyati alisema pembe zake hazijawahi kutoka nyumbani peke yake zikaenda kumchoma mtu. Swala, ambaye pembe zake hazijamtisha hata nzi, alilalama kuliko wote, akidai amerithi kwa babu. Na kwa kuwa sheria ilikuwa haijaanza, wote wakakimbilia kunoa. Foleni ya jiwe la kunolea ikawa ndefu kuliko ya maji.

Nungunungu naye alinoa. Alikuwa mjane mwenye mapacha, mwoga tangu kuzaliwa, na miiba yake mia tatu na kitu ndiyo iliyompa usingizi. Alipiga hesabu ya magunzi akaona hata Nyani akiiba mahindi ya wilaya nzima hayatatosha. Zaidi ya hayo, alijua sheria imeletwa na ile pua, na mwiba ulikuwa wake. Akawa na hasira, aibu na woga kwa pamoja, na mtu wa namna hiyo ni rahisi sana kudanganywa.

Ndipo akatokea Fisi. Fisi tunamjua, tumbo lake halijajifunza neno "yatosha". Siku hiyo alikuja na pembe moja nyeusi katikati ya paji la uso, shina lake limefungwa kilemba. Hakuna aliyewahi kumwona na pembe. Lakini wenye silaha wana adabu yao: silaha ya mtu haiulizwi. Humuulizi Kifaru aliipata wapi, wala Nungunungu anayo mingapi, maana anayeuliza ndiye anayetaka kuja kuichukua. Basi wakaitazama ile pembe, wakakohoa, wakaangalia pembeni.

Fisi alieleza kwamba siku zote aliificha kwa unyenyekevu, ila sasa nchi imefika pabaya. Alilia machozi. Kabla jua halijatua walikuwa wameunda Chama cha Kutetea Pembe, na Mwenyekiti ni yeye. Azimio la kwanza lilikuwa lake: kususia bwawa. Mwenye heshima hanywi maji ya fedheha, na mpaka Simba asalimu amri asionekane mwanachama majini. Walishangilia kwa kwato, Nungunungu akiwa mbele kabisa.

Siku ya kwanza waliimba. Siku ya tatu hakuna aliyekuwa na mate ya kuimbia. Siku ya tano Swala alianguka, akasema anapumzika tu. Nungunungu alichimba mizizi mpaka ikaisha, na yule pacha mdogo akaacha kulia. Mama yeyote anajua kwamba mtoto aliyeacha kulia anatisha kuliko anayelia.

Mwenyekiti alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwapa wanachama moyo. Kwa Nungunungu alikaa karibu mno na mtoto, akamminya paja taratibu.

"Pole sana kwa msiba, dada yangu," alisema.

"Msiba gani, Mwenyekiti? Mtoto yu hai."

"Natanguliza tu. Siku hizi nina shughuli nyingi."

Alipoinama kuaga, Nungunungu akaona kidevu chake kina tope bichi. Nchi nzima tope bichi lilikuwa mahali pamoja tu. Alitamani kuuliza, akaogopa. Lakini akamtazama mwanawe, na kwa mara ya kwanza maishani kuna kitu alichokiogopa kuliko kupoteza miiba. Akatoka mbio kwenda kwa Sungura.

Sungura hana pembe wala mwiba. Silaha yake ni maneno, na maneno hayavikwi gunzi. Tangu mgomo uanze alikuwa amenawiri, maana bwawani kulikuwa na nafasi. Akampa mgeni wake habari kamili: Mwenyekiti hunywa kila adhuhuri, wanachama wakiwa wamelala vivulini kwa kiu, kisha huzunguka kuangalia nani amebakiza siku ngapi. Swala ameshawekewa alama.

"Basi nitamuuliza ile pembe mbele ya watu," Nungunungu alisema.

"Usimuulize, Bi Nungu. Adabu ni adabu. Msalimieni tu."

Wenye pembe husalimiana kwa kugonganisha pembe, na tangu apate cheo Fisi alikuwa na visingizio. Leo mafua, kesho shingo. Alasiri hiyo Sungura akafika mkutanoni akijiita mjumbe wa baraza. Alisema Mfalme anafikiria upya, ila amesikia chama hakina umoja. Wanachama wakimsalimia Mwenyekiti wao ipasavyo, mkubwa kwanza, yeye atapeleka habari hiyo.

Fisi akasema ana mafua. Wengi walikuwa tayari kumpa pole. Nungunungu, ambaye hajawahi kunena barazani, akasimama, miiba ikitetemeka mpaka inasikika.

"Mwenyekiti, sisi tunakufa na kiu kwa ajili ya pembe. Wewe hutagonga hata mara moja kwa ajili yetu?"

Kifaru alikuwa keshaanza kuja, kwa heshima zote, mbio. Pembe mbili zikakutana. Moja ikabaki mahali pake. Nyingine ikaruka, ikadunda mara mbili, ikaacha masizi kwenye pua ya Kifaru, ikatua chini ya mti alimokuwa akichungulia Nyani. Nyani akashuka, akaiokota, akainusa.

"Hili ni gunzi," alisema. "Tena nalijua. Hizi punje tatu nilizibakiza mimi."

Kwa siku tano walikuwa wamejikausha ili wasivae gunzi, na katika chama chote aliyelivaa alikuwa Mwenyekiti. Fisi akacheka peke yake, kisha akatimua mbio. Hakufika mbali, tumbo lilikuwa limejaa maji. Nyati alimkamata bila hata kukimbia, huku wengine wakipita moja kwa moja hadi bwawani. Nungunungu aliwabeba mapacha kifuani. Yule mdogo alipopaliwa na maji akakohoa, kisha akalia kwa sauti, mama mtu naye akalia kwa furaha.

Sheria ilipita siku hiyo hiyo, na walioidai ni wenye pembe wenyewe, waliokwisha kujua kwamba kiu inaua, gunzi haliui. Magunzi mia tatu hayakupatikana, kwa hiyo Nungunungu akawa anakwenda kunywa akiwa amevikwa tenga la kuku. Alichekesha, lakini alikunywa. Sungura akauliza kwa upole kuhusu kucha za Mfalme. Simba akanyoosha vidole vyake avikwe maganda ya karanga, huku akitazama mbali.

Fisi silaha yake ni meno, basi aliamriwa anywe na gunzi limekazwa kati ya taya. Maji yaliingia upande huu yakitokea ule. Alijitetea sana kwamba meno ni vyombo vya kulia tu, ila kwa gunzi mdomoni hakuna aliyemwelewa.

Mapacha walipokua walimuuliza mama yao ilikuwaje akamfuata Fisi. Akasema alikuwa akimtazama Simba tu, huku nyuma yake mwenzake wa chamani anampimia mtoto paja. Kikulacho ki nguoni mwako.