Kaya Moja ya Namkulile

Hii nimeletewa asubuhi na shemeji yangu, nami nimeona si uungwana kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu. Ukimaliza, mpelekee yeyote unayemjua mwenye kalamu na muhuri, hata kama ni mkali.

Kimbunga kilipiga pwani ya kusini siku ya Jumapili mchana. Kilipoondoka, wilaya nzima haikuwa na pa kushika. Minazi imelala chini, mabati yamekwenda kusikojulikana, barabara imekatika vipande vipande. Serikali ikaleta unga, maharage, mablanketi na maturubai, na kazi ya kugawa ikawekwa mikononi mwa afisa mmoja, Bwana Tweve.

Bwana Tweve hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke mapema. Alikuwa mchapakazi, hali rushwa, na tangu Jumapili hajavua viatu. Ila alikuwa na kidonda chake. Miaka ya nyuma, wakati wa mafuriko, aliletewa orodha ya watu hewa, akaiamini, akatoa chakula, na baadaye akaaibishwa mbele ya wakubwa kikao kizima. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna atakayemchezea tena kwa karatasi.

Jumatano fomu za vitongoji zikaanza kuingia ofisini. Alizipitia moja moja, akafika kwenye fomu ya Namkulile, kitongoji cha mbali kabisa. Mwandiko ulikuwa mzuri, umetulia. Iliandikwa hivi: kaya, moja. Watu, 143.

Akacheka peke yake.

"Hashimu," alimwita dereva wa lori, "umewahi kuona kaya ya watu mia na arobaini na watatu?"

"Labda ya sultani, bosi."

"Huyu ama mkono umemteleza, ama ananiona mtoto mdogo."

Simu za Namkulile zilikuwa hazipatikani, na mlangoni foleni imefika barabarani. Basi Bwana Tweve akaikata ile nne ya katikati. Mia na arobaini na watatu wakabaki kumi na watatu, familia kubwa lakini ya kuaminika. Ilikuwa kazi ya sekunde moja, na wala haikumsumbua.

Alhamisi Hashimu alipeleka mzigo hadi pale barabara ilipokomea. Wanaume wawili wa Namkulile wakaja kwa miguu kupokea: mfuko mmoja wa unga, maharage kidogo, mablanketi matatu na turubai moja. Walitazamana, wakatia sahihi, wakashukuru, wakajitwisha.

Jumamosi barabara ilipitika kidogo. Bwana Tweve akapanda lori lenye mzigo wa kata ya mbele, akamwambia Hashimu wapitie Namkulile. Sitaki kumpamba: hakwenda kusaidia. Alikwenda kumshika mwongo.

Walipofika hawakukuta nyumba hata moja. Kilichosimama kilikuwa ghala la korosho, matofali matupu na nusu ya paa. Mbele ya ghala, sufuria kubwa la shughuli, lile wanalopikia pilau la harusi, lilikuwa juu ya mafiga. Watu wamejipanga, huyu na kikombe, huyu na kopo, huyu na kifuu cha nazi. Aliyeshika upawa alikuwa Bi Somoe, mwenyekiti wa kitongoji, mama wa miaka sitini hivi, khanga ameifunga kibwebwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Poleni na kazi. Mmekula?"

Bwana Tweve alikuwa amejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hayo. Akaanza kuhesabu vichwa kwa macho. Alipofika themanini akapotea, akaanza tena, akapotea tena. Hawa hawakuwa watu hewa. Watu hewa hawakohoi, na hapa kikohozi kilikuwa kila upande. Ukutani alikaa Mzee Chande, kifua kikimpanda na kushuka, kifuani hana kitu ila shati lililolowa.

"Mbona huyu hana blanketi?"

"Zamu yake imekwisha," alijibu Bi Somoe. "Moja analo binti aliyejifungua Alhamisi humo ndani. Mawili wanapokezana wazee, kila mmoja saa yake. Atalipata tena alasiri."

"Mama, hawa wote ni wa hapa?"

"Wote."

"Na fomu uliandika wewe?"

"Kwa mkono wangu huu."

"Sasa mbona uliandika kaya moja?"

Bi Somoe akauacha upawa ndani ya sufuria, akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza jambo la darasa la kwanza.

"Si makarani wenu wa sensa ndio waliotufundisha? Walisema kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Jumapili tuliingia humu sote, na tangu siku hiyo chungu ni hiki. Ningeandika kaya thelathini ningekuwa nimeidanganya serikali. Tena tungejigawa kwa nyumba, Mzee Chande tungemweka wapi? Nyumba hana, na mkewe tulimzika mwaka jana."

Bwana Tweve akakaa juu ya gogo la mnazi.

"Sasa mlipoletewa mfuko mmoja wa unga, watu wote hawa, kwa nini hamkuja kulalamika?"

Wanawake waliokuwa jikoni wakatazamana, mmoja akacheka kwa haya.

"Vijana walitaka kuja," alisema Bi Somoe. "Walishavaa na viatu. Nikawaambia, hebu kaeni. Kimbunga hiki hakikupiga Namkulile peke yake. Serikali ikikuletea mfuko mmoja, basi ujue ndio ilionao. Nayo imepigwa, nayo inahangaika. Tusiiongezee mzigo. Tukaacha kusonga ugali, tukakoroga uji, ili uwafikie wote."

Alichota, akamkabidhi kikombe. "Hiki chako. Cha dereva ni kile pale. Tuliposikia lori tukasema, hawa nao watakuwa na njaa."

Uji ulikuwa mwepesi hata ua lililochorwa ndani, kitakoni mwa kikombe, lilionekana. Bwana Tweve akakitazama, na machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele ya kadamnasi. Hakuyafuta.

"Mama, serikali haikuishiwa. Bohari la wilaya lina unga mpaka leo. Ni mimi. Nilidhani unanidanganya, nikaikata hesabu yako. Niliandika mko kumi na watatu."

Kijana mmoja kwenye foleni akasonya, akapiga hatua mbele, mwenzake akamshika mkono. Wote wakamgeukia Bi Somoe. Ningekuwa mimi, upawa ule ungeruka. Yeye alimtazama Mzee Chande kwa muda mrefu, na alipomrudia afisa, macho yake yalikuwa mekundu pia.

"Ungekuja tu, mwanangu," alisema. "Kutoka Jumatano. Ungekuja tu ukatuona."

"Nisamehe, mama."

Bi Somoe aliinama, akakoroga uji.

"Kunywa, unapoa. Ukimaliza, mshushe mlicho nacho, Mzee Chande aanze kufunikwa. Kisha tuandike upya, na safari hii uandike vizuri. Kuna mtoto wa Alhamisi, hakuwemo. Halafu kuna wewe na dereva, mmekula chungu chetu. Andika mia na arobaini na sita."

Bwana Tweve akanywa uji wote. Ndipo akasimama, akapanda lorini, akaanza kushusha mablanketi kwa mikono yake mwenyewe.

Funzo: Wenye shida wa leo usiwahukumu kwa kosa la mwongo wa jana. Kabla hujapunguza idadi yao kwenye karatasi, nenda ukawaone kwa macho yako, maana huenda wakati wewe unawashuku, wao wanakuonea huruma na wamekuwekea chakula.