Maneno Matano ya Lumbasi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ya lini, maana wote waliokuwapo bado wako hai na mmoja wao hali chakula mpaka alishwe, palikuwa na klabu ya raga katika mji mmoja wa Australia, mji wa mashamba ya miwa. Klabu ile ilikuwa na wachezaji thelathini na watano, na juu yao watu watatu. Wa kwanza alikuwa Bwana Fenwick, mtu wa mikataba. Huyo alikuwa na kalamu. Wa pili alikuwa Kocha Haddon. Huyo alikuwa na filimbi. Wa tatu alikuwa Mbeyu, mtu wa ratiba. Huyo alikuwa na kalenda. Mwenye kalamu alisema nani abaki, mwenye filimbi alisema nani acheze, mwenye kalenda alisema lini na wapi. Kila mmoja aliiona kazi yake ndiyo nzito, kama ilivyo desturi ya watu wanaobeba mzigo mmoja.

Huyu Mbeyu alikuwa Mgiriama wa Kaloleni. Alikwenda huko kusoma, kazi ikamshika, akabaki. Ndege, hoteli, mabasi, viwanja, saa ya kula na saa ya kulala, vyote vilipita mkononi mwake. Wachezaji walimwogopa kuliko kocha, kwa sababu kocha alikasirika akasahau, lakini Mbeyu aliandika.

Basi akaja winga mmoja kutoka Butere, jina lake Lumbasi, kijana mwenye mbio za kukera. Siku aliyofika, watu walikuwa wakichoma miwa, na moshi ulipomfikia puani akamwambia Mbeyu kwamba hapa ni nyumbani kabisa, ila wenyeji wamebadilishwa. Mbeyu akacheka mpaka machozi. Alikuwa na miaka mitatu hajacheka kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo yeye akawa dada na Lumbasi akawa kaka, na ugenini neno hilo watu hawalitumii ovyo.

Lumbasi alipewa mkataba wa msimu mmoja, na ndani yake kipengele kimoja. Akicheza mechi kumi na mbili, mkataba utaongezwa miaka miwili, na mkewe Khayesi atapata viza ya kumfuata pamoja na binti yao, mtoto ambaye baba alimjua kwa simu tu. Akicheza kumi na moja, atashukuriwa na kurudi kwao. Lumbasi aliomba ziwe kumi. Fenwick akatabasamu, akaacha kumi na mbili.

Sasa sikilizeni jambo la vichwa, maana hadithi yote imelala hapo. Katika klabu ile kila mchezaji alipimwa kichwa mwanzo wa msimu, na akigongwa alipimwa tena. Daktari alimtajia maneno matano ayarudie, kisha siku za wiki azirudishe kinyumenyume, na mengine ya namna hiyo. Aliyeshindwa alikaa nje siku kumi na mbili, awe nani awe nani. Lumbasi alijua Kiingereza cha uwanjani na cha dukani, lakini daktari wa timu, mama mmoja makini, alisema kichwa kipimwe kwa lugha kinayoota. Kwa hiyo Lumbasi akawa anapimwa kwa Kiswahili, daktari upande huu, Lumbasi upande ule, na Mbeyu katikati akitafsiri.

Msimu ukaenda. Lumbasi akacheza mechi tano, akacheza nane, akacheza kumi. Mechi ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi, na ya mwisho wa msimu ilikuwa imepangwa siku kumi na tatu baadaye. Lakini mwezi mmoja kabla, mwenye uwanja aliomba mechi hiyo iletwe mapema kwa wiki nzima, apate nafasi ya tamasha la muziki. Mbeyu alitazama kalenda, akaona wachezaji watapata wiki zaidi ya likizo, akakubali. Wachezaji wakampigia makofi, na Lumbasi akapiga kuliko wote. Siku kumi na tatu zikawa siku sita.

Jumamosi hiyo Lumbasi aligongwa na goti la mtu sikioni. Alianguka, akainuka, akatembea vizuri kuelekea upande wa wapinzani. Wakamtoa, wakampeleka chumba cha matibabu. Daktari akasoma maneno matano, Mbeyu akayatafsiri: ndoo, pilipili, shuka, ngazi, sindano. Wakazungumza mambo mengine kidogo, kisha daktari akasema ayarudie.

Lumbasi alimtazama Mbeyu. Midomo ikafunguka, hakuna kitu. Akafumba macho, akayafumbua, kisha akasema polepole, moja baada ya moja, kwa sauti ya mwanafunzi anayesoma ubaoni:

“Tafadhali. Dada. Sema. Niko. Sawa.”

Daktari alihesabu kwa kidole. Maneno yalikuwa matano. Akamgeukia Mbeyu na kumuuliza kama ndiyo yenyewe.

Hebu mfikirieni Mbeyu hapo. Akisema siyo, Lumbasi atakaa nje siku kumi na mbili, na mechi imebakiza siku sita, kwa sababu ya mkono wake yeye mwenyewe. Angeiacha kalenda ilivyokuwa, kijana angepumzika zake siku kumi na mbili na kucheza ya kumi na tatu. Tena akajiambia, mtu aliyeumia kichwa angewezaje kupanga ombi la maneno matano, si manne wala sita? Haya yote yalimpitia kwa muda wa pumzi moja. Kisha akamwambia daktari kwamba ndiyo yenyewe. Siku za wiki nazo zikarudishwa kinyumenyume, Jumanne ikakaa mahali pa Jumatano, na daktari, ambaye masikioni mwake siku zetu zote zinafanana, akatia alama. Akauliza, akajibiwa, akaandika. Huyo tumwache.

Usiku huo Mbeyu hakupata usingizi. Jumatatu akaenda kwa mwenye kalamu. Akamsihi Fenwick aihesabu kumi na moja kuwa kumi na mbili, ampe kijana mkataba wake, ampumzishe. Hakusema kwa nini. Fenwick hakuwa mtu mbaya; alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema akilegeza kwa mmoja atalegeza kwa wote, na mkataba ni mkataba. Kalamu ilikuwa mezani, karibu na mkono wake.

Jumatano akaenda kwa mwenye filimbi. Akamwambia Haddon ampumzishe Lumbasi. Kocha alikuwa na mawinga wawili wagonjwa na mechi ya kufa na kupona. Akamuuliza ana kasoro gani. Mtihani si amefaulu? “Wewe mwenyewe ulikuwepo,” akamwambia. Mbeyu akafunga mdomo, na mwongo akishaanza kunyamaza, kila siku inayopita humfunga zaidi.

Na Lumbasi mwenyewe? Mbeyu alimwendea pia. Alimkuta chumbani, pazia limefungwa mchana kweupe, akamwambia akamwone daktari, aseme ukweli, mambo mengine yatajulikana baadaye. Lumbasi akasema kichwa hakimuumi. Alisema hivyo huku ameshika paji la uso. “Dada, umenivusha mto,” akamwambia, “sasa unataka nirudi nikaulize kina chake?” Mbeyu akaondoka.

Alhamisi mazoezini Lumbasi alikosea njia mara tatu. Haddon alimwona. Akabadilisha zoezi, akaweka jepesi zaidi.

Ijumaa mchana wakaingia uwanjani. Dakika ya tisa Lumbasi alikabwa, kukabwa kwa kawaida tu, hata watazamaji hawakuguna. Hakuinuka. Ubongo ambao haujapona kipigo cha kwanza hauvumilii cha pili. Walimpasua fuvu, wakamwokoa roho, na roho ndiyo waliyoiokoa tu. Yule mwenye mbio akawa wa kuinuliwa kitandani na watu wawili. Hasemi. Ukimpa kijiko mkononi anakitazama.

Na mkataba je? Mkataba ulisema “akiingia uwanjani”, haukusema akitoka. Mechi kumi na mbili zilitimia. Fenwick akatia sahihi ile miaka miwili, viza ikatoka, na Khayesi akaja na mtoto mgongoni, akapokewa uwanja wa ndege na Mbeyu. Alipelekwa hospitali moja kwa moja. Alikaa kando ya kitanda, akamwita mumewe kwa jina, akamwita kwa jina la ukoo, akamwekea binti kifuani. Lumbasi alitazama dari.

Wiki ya tatu Khayesi aliomba kuwaona wakubwa wa klabu. Wakakutana ofisini: mwenye kalamu, mwenye filimbi, mwenye kalenda. Kiingereza cha Khayesi kilikuwa cha darasani na siku hiyo kilikataa kutoka, kwa hiyo Mbeyu akawekwa tena katikati kutafsiri.

Khayesi alisema hivi: “Nimeambiwa ni ajali. Mimi nitamlisha mtu huyu kwa kijiko mpaka mmoja wetu afe, na siku binti yangu akiniuliza nani alimfanyia baba hivi, sitamwambia ajali. Nataka jina. Moja tu, kwa sababu hasira ya watu wengi siiwezi, nitachanganyikiwa na mtoto sitamlea.”

Fenwick akasema: “Mwambie niliandika idadi ya mechi. Sikuandika acheze akiwa mgonjwa. Na nilichoahidi nimetimiza, mpaka neno la mwisho.” Mbeyu akatafsiri yote.

Haddon alikuwa analia. Akasema: “Mwambie nilimwona akikosea njia. Nikajiambia ni uchovu, kwa sababu nilimhitaji. Lakini mwambie pia mtihani wake ulikuwa safi. Ungekuwa mbaya nisingemgusa.”

Mbeyu akatafsiri mpaka penye uchovu, akakoma.

Khayesi akasema, “Amesema na kingine.”

“Amesema mtihani ulikuwa safi.”

“Ulikuwa safi?”

Wanaume wale wawili hawakujua kinachoulizwa. Waliona tu mwanamke mmoja akimtazama mwenzake. Mbeyu angeweza kusema ndiyo, neno moja, na hakuna kiumbe katika nchi ile ambaye angejua, kwa kuwa aliyejua alikuwa kitandani akitazama dari. Niwaambieni kweli, aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake.

“Wifi,” akasema, “haukuwa safi. Aliambiwa arudie maneno matano, yakampotea. Akaniambia mengine matano. Alisema: tafadhali, dada, sema niko sawa. Nami nikasema.”

Khayesi aliyarudia maneno yale huku akikunja vidole. Tafadhali, kidole. Dada, kidole. Sema, kidole. Niko, kidole. Sawa, kidole. Akabaki ameshika ngumi yake mapajani, akaitazama muda mrefu.

“Basi alijua,” akasema. “Aliyetunga hayo alijua anachokifanya.”

Mbeyu akasema hajui kama alijua. Kila siku anajiuliza kama yule aliyekuwa akiomba ni Lumbasi mwenye akili zake, au ni kichwa kilichokwisha kuvunjika, kimebaki na jambo moja tu ndani. Kama alikuwa na akili zake, alichagua. Kama hakuwa nazo, ombi lile lilikuwa ndio ugonjwa wenyewe, na yeye aliyekuwa mzima ndiye aliyelitii.

Mtoto akaanza kulia, Khayesi akamhamisha bega. Kisha akasema jambo ambalo Mbeyu hakulitarajia, na alilisema akiangalia sakafu.

“Jumapili ile, kesho yake baada ya kugongwa, alinipigia simu. Akaniambia kichwa kinavuma, huenda mechi ya mwisho asicheze. Mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Nikamwambia, Lumbasi, usipotuita mwaka huu, usituite tena. Nilisema kwa hasira tu. Akasema tu nimsalimie mtoto.”

Fenwick akauliza amesema nini. Haddon akauliza amesema nini. Wote wawili walimtazama Mbeyu, watafsiriwe.

Mbeyu hakuyatafsiri. Akamsogelea Khayesi, akampokea mtoto, akambembeleza mpaka akatulia.

Jina bado halijatajwa, na binti yule anakua. Ameshaanza kusema, na karibu atauliza. Haya basi, ninyi mliokaa kimya mkinisikiliza, nami naweka swali katikati yenu, aliokote mwenye kifua. Yupo mwenye kalamu, aliyeombwa mechi moja akakataa. Yupo mwenye filimbi, aliyeona kwa macho yake akarahisisha zoezi. Yupo mwenye kalenda, aliyezifupisha siku kisha akasema uongo kwa huruma. Yupo aliyeomba uongo huo, na hawezi tena kuulizwa. Na yupo mama, aliyesema neno moja la hasira kwenye simu, ambaye sasa ndiye mwenye kijiko.

Mtoto akisimama mbele ya mama yake na kuuliza, je, atajiwe jina la nani?